Kazi ya Kusimama Tuli

Mtu aliyesimama tuli huonekana hana kazi. Mwili wake una maoni tofauti. Mguu uliosimama bila kusogea hubeba mzigo ambao mguu unaotembea hauujui, na mzigo wenyewe ni damu ya mwenye mguu.

Anayeishi kwenye fleti za Umoja au Pipeline, hapa Nairobi, ataelewa upesi. Maji yakija usiku wa manane, mpangaji wa chini ndiye anayejaza ndoo. Bomba lake linafoka kwa nguvu. Wa ghorofa ya sita anasikia bomba likikohoa hewa, kisha anavaa ndara na kushuka na mitungi yake. Maji yana uzito, na uzito huo humkalia aliye chini. Mwili uliosimama ni fleti ya namna hiyo. Moyo uko ghorofa za juu, kifundo cha mguu kiko kwenye msingi, na safu yote ya damu iliyo kwenye vena kati ya hapo na pale inavikandamiza vimishipa vya chini. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida aliyesimama tuli, shinikizo ndani ya vena za kifundoni hufika takriban milimita 90 za zebaki. Akiwa amelala, hubaki kama 10. Mtu huyo huyo akianza kutembea, baada ya hatua chache tu shinikizo hushuka hadi chini ya 30. Kimo chake hakikubadilika, wala damu yake haikupungua.

Kilichobadilika ni shavu la mguu. Kila hatua, misuli ya shavu hujikaza na kuzibana vena za ndani, damu ikapanda. Misuli ikilegea, damu hutaka kurudi chini, lakini hukuta vali zimejifunga. Hatua inayofuata huipandisha tena. Kwa hiyo wanaume na wanawake wanaopita Jogoo Road kabla ya mapambazuko, wakielekea Industrial Area kwa miguu ili nauli ibaki kwa ajili ya unga, vena zao huwa katika hali nzuri kuliko za anayewapita kwenye gari. Nasema vena tu. Vumbi, moshi na hatari za barabara ni habari nyingine, na sitaki kuupamba umaskini kwa sababu unafaa misuli.

Vali hizo zilichorwa vizuri na Girolamo Fabrizio, mwalimu wa anatomia wa Padua, katika kitabu alichochapisha mwaka 1603. Aliziona, lakini akadhani kazi yake ni kupunguza mwendo wa damu inayoteremka, isije ikarundikana mikononi na miguuni. Mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, ndiye aliyezingatia kwamba milango yote hiyo hufunguka kuelekea moyoni. Mwaka 1628 alitoa kitabu kilichobadilisha elimu ya mwili, na sehemu ya ushahidi wake unaweza kuurudia mwenyewe ukiwa kwenye foleni ya M-Pesa. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ya nyuma ya kiganja itune. Bonyeza mmoja kwa kidole, karibu na mizizi ya vidole, kisha kwa kidole cha pili isukume damu iliyo juu yake kuelekea kifundo cha mkono. Ikipita vali, kipande ulichokikamua kitabaki bapa, ingawa mkono unaning'inia na damu iko hapo juu yake tu. Achia kidole cha kwanza, utauona mshipa ukijaa kutoka chini kwenda juu. Ndivyo ilivyo miguuni pia, ila kule mishipa imejificha zaidi na kazi ni kubwa zaidi.

Sasa mfikirie mtu aliyejinyoosha kwenye kochi Buruburu, Jumapili mchana baada ya ugali, halafu hodi ikapigwa. Anaposimama, nusu lita ya damu au zaidi, katika lita tano hivi alizo nazo, huteremka kuelekea miguuni na sehemu za chini za tumbo kabla hajaufikia mlango. Damu inayorudi moyoni hupungua, moyo unasukuma damu kidogo kuliko kawaida, shinikizo linashuka. Kwenye ateri za shingoni, na kwenye upinde wa ateri kuu inapotoka moyoni, kuna neva zinazohisi jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Mtanuko ukipungua, habari hufika kwenye shina la ubongo na amri hutoka pale pale: mapigo yaongezeke, mishipa ya miguu na tumbo ijikaze. Haya yote huisha ndani ya nusu dakika. Mwenyewe anafungua mlango akiuliza ni nani, hana habari.

Kuna kinga ya pili, na mimi huipenda zaidi kwa sababu haingoji amri ya kichwa. Mwaka 1953 watafiti wawili, Gaskell na Burton, walieleza kwamba kiungo kikiteremshwa chini ya usawa wa moyo na vena zake zikajaa, ateri ndogo za kiungo hicho hicho hujikaza zenyewe na kupunguza damu inayoingia. Mguu huhisi kwamba njia ya kutokea imejaa, nao unalibana lango la kuingilia. Pasingekuwa na kinga hiyo, shinikizo la kule chini lingesukuma maji mengi zaidi kutoka kwenye kapilari hadi kwenye nyama, na jioni viatu visingevulika. Kwa aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi hadi neva ndogo za miguu zikaharibika, kinga hii hudhoofika. Ni sababu mojawapo ya kuvimba kwa miguu yake, ingawa jirani atamwambia ni chumvi.

Ng'ambo ya Mombasa Road, ndani ya mbuga ya Nairobi, yuko mnyama ambaye angepaswa kuvimba miguu kuliko viumbe vyote. Shinikizo la damu la twiga ni karibu mara mbili ya letu, maana lazima damu ipande shingo ile yote; miguu nayo ni mirefu kuliko mtu mzima. Alan Hargens na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1987, walionyesha kinachomwokoa: ngozi ya miguu iliyobana sana, tishu ngumu chini yake, mishipa yenye kuta nene, na mwendo unaoisukuma damu juu. Sisi ngozi yetu ya mguu ni legevu. Soksi za kubana zinazouzwa kwenye chemist, zile ambazo akina mama wenye mishipa iliyojitokeza huandikiwa na daktari, hutupa kwa muda kitu ambacho twiga amezaliwa nacho.

Umri huipunguza kasi ya mambo haya yote. Katika nyumba za Kaloleni, zilizojengwa zamani na kurithiwa na vizazi, bado wako wazee wanaoamka usiku kwenda msalani nje ya chumba. Mzee huyo labda anatumia dawa za presha, labda alikunywa maji kidogo kwa makusudi ili asiamke mara nyingi. Neva zake za shingoni hazina wepesi ziliokuwa nao. Akiinuka kwa mkupuo, damu hushuka na amri hukawia, na anapoanguka tunasema giza ndilo lililomwangusha. Nimesikia mjukuu wa Kaloleni akimwambia nyanyake, "Shosho, kaa kwanza kitandani, chezesha miguu, ndio usimame," naye shosho akajibu kwamba alikuwa akisimama kabla mama yake huyo kijana hajazaliwa. Kijana ndiye aliyekuwa sahihi. Dakika moja ya kuketi ukingoni mwa kitanda, huku nyayo zikipandishwa na kushushwa, huupa mwili nafasi ya kujipanga. Na kizunguzungu kinachorudi kila akisimama ni habari ya kupelekwa kliniki pamoja na dawa zenyewe, daktari azitazame. Mgonjwa asijiachishe dawa mwenyewe.

Vijana nao huanguka, na mahali pao ni paredi. Kila aliyesoma shule za hapa anakumbuka asubuhi ya bendera, jua limeshapanda, mwalimu mkuu anaongea, na kwenye mstari wa kidato fulani kukawa na pengo. Watu husema hakunywa chai. Huenda kweli hakunywa. Lakini miguu iliyoambiwa isimame imara, magoti yamekazwa, ndiyo iliyomnyima moyo wake damu ya kusukuma. Joto hupanua mishipa ya ngozi, damu ikapata pa kukaa zaidi, na mashavu ya miguu yamekatazwa kusaidia. Kuanguka kwenyewe ndiko tiba: mwili umelala, damu imerudi moyoni bila kupanda. Kisha hufika wasaidizi na kumharibia mgonjwa tiba yake kwa kumwinua, kumkalisha kitako na kumshikilia wima huku wakimpepea kwa daftari. Aachwe amelala chali, miguu iinuliwe juu kidogo, watu wampishe hewa. Ikiwa ni mama mjamzito ambaye mimba imekua, alazwe kwa ubavu, kushoto hasa, kwa kuwa akilala chali tumbo lenyewe hukandamiza vena kubwa inayorudisha damu moyoni. Wakunga wa hospitali ya Pumwani hawahitaji kuambiwa hilo. Sisi wa kwenye kituo cha matatu ndio tunaohitaji.

Matatu ina mengi ya kusema juu ya miguu. Hadi Februari 2004 abiria wa Eastlands, upande huu wetu wa mashariki mwa Nairobi, alisafiri kwa mikao yote: ameketi, amepakatwa, ameinama chini ya paa la Nissan akiwa nusu amesimama, ananing'inia mlangoni. Kisha zikaja sheria za waziri John Michuki, na kila abiria akapata kiti na mkanda wake. Zilikuwa sheria njema, nami sitamani tulikotoka. Ila kukaa nako kuna gharama yake. Mtu anaketi Kayole, magoti yamegota kiti cha mbele, begi mapajani, na foleni ya Outer Ring inamshika hapo. Nyonga na magoti vikikunjwa, damu kwenye ateri za mguu hupungua kasi. Utando wa ndani wa ateri huhitaji msuguano wa damu inayopita ili udumishe wepesi wake wa kutanuka. Damu ikizubaa, nao huzubaa. Inatosha kukaa saa chache kwa wanasayansi kuliona hilo kwa vipimo vyao, hata kwa vijana wenye afya.

Matokeo ya mwaka 2016 kutoka Chuo Kikuu cha Missouri, katika maabara ya Jaume Padilla, yangewafurahisha watoto wetu wote. Vijana 11 waliketishwa kwa saa tatu. Mguu mmoja ulitulia. Wa pili walikuwa wakiutikisa kwa dakika moja, kisha wanaupumzisha kwa dakika nne, na kurudia hivyo hivyo. Mwishoni ateri ya nyuma ya goti la mguu uliotulia ilikuwa imepoteza sehemu ya uwezo wake wa kutanuka. Ile ya mguu uliotikisika haikupoteza. Ilikuwa bora kuliko mwanzo. Na mtoto yupi wa Eastlands hajafinywa kanisani kwa kutikisa mguu? Adabu ina haki zake, na benchi likitikisika hukera. Lakini pale kwenye kiti cha matatu, ambapo kila mtu anatazama simu yake, tikisa.

Kwenye matatu hiyo hiyo kuna watu wawili ambao historia ya tiba inawajua vizuri. Dere anaketi siku nzima. Konda, au makanga kama bado unamwita hivyo, anashuka, anapanda, anagonga bodi, anakimbia, anadandia. Mwaka 1953, mwaka ule ule wa Gaskell na Burton, Jerry Morris alichapisha London utafiti wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa: madereva walioketi waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Ni mojawapo ya tafiti zilizofungua macho ya dunia juu ya hatari za kuketi. Uungwana wa Morris ulikuwa katika kutoishia hapo. Mwaka 1956 yeye na wenzake walirudi na vipimo vya sare za wafanyakazi hao, wakaonyesha kwamba madereva walikuwa na viuno vinene zaidi tangu walipovishwa suruali za kwanza, kwa hiyo kiti peke yake hakiwezi kubeba lawama yote. Kwa konda wetu pia pangehitajika hadhari. Miguu yake inafanya kazi nzuri, lakini hakuna vali inayomkinga na lori.

Nenda kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus jioni ya kuelekea Krismasi uone mkao mmoja ukidumu usiku kucha. Anayeshuka Busia asubuhi akiwa na viatu mkononi kwa kuwa haviingii tena hajarogwa. Maji yametoka kwenye mishipa yakakaa kwenye nyama. Akitembea na kulala yatarudi. Kinachotisha ni kitu adimu zaidi, damu kuganda kwenye vena za ndani za mguu mmoja, na donge likang'oka hadi mapafuni. London ilijifunza hilo vibaya wakati wa vita. Mwaka 1940 Keith Simpson, mtaalamu wa patholojia, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu vifo vya namna hiyo miongoni mwa watu waliokimbilia mahandakini kuepuka mabomu na kulala humo usiku kucha wakiwa wameketi vitini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, wa pili ukiwa sawa, usikandwe kwa mafuta na usisubiri. Upelekwe hospitali siku hiyo.

Kwa hiyo kuketi kuna ubaya wake na kusimama kuna ubaya wake, na atakayetafuta mkao mmoja ulio salama hataupata. Mishipa ya miguu imeumbwa kwa kubadilika: ijae, ikamuliwe, ijikaze, ilegee. Mafundi wa cherehani za kukanyaga walioko Gikomba huketi kutwa, lakini vifundo vyao vya miguu vinapanda na kushuka na kila mshono. Mwenzao wa kiwandani Athi River, mwenye mashine ya umeme ya kuguswa kidogo tu kwa unyayo, ameketi kwa ukamilifu zaidi na anashona nguo nyingi zaidi. Swali linaloniandama ni jingine. Nani ana ruhusa ya kubadilisha mkao wake?

Eastlands inalijua swali hilo tangu zamani. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil ya kuwasaka Mau Mau, majeshi ya Waingereza yaliizingira mitaa ya Waafrika, na maelfu ya wanaume wakatolewa nje na kuketishwa chini kwa safu, wakingoja kuchambuliwa nani apelekwe kizuizini. Kumwamuru mtu akae, achuchumae au asimame ni namna ya kwanza ya kumwonyesha nani mkubwa. Kijana wa Dandora anayeambiwa "chini!" na askari wa doria hahitaji kufafanuliwa. Amri nyingine hazina bunduki. Mhudumu wa supamaketi anasimama nyuma ya mashine ya kuhesabia kwa sababu meneja anaamini mteja akimwona ameketi ataona uvivu. Msusi anasimama kwa kuwa kichwa cha mteja kiko juu kiasi hicho. Na soja wa geti, wa saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, anasimama kwa sababu sisi wenye nyumba tunaamini aliyesimama halali usingizi.

Imani hiyo ina dosari hata kwa anayejali usalama wa gari lake tu. Mtu aliyesimama tuli kwa saa nyingi, damu imemjaa miguuni na moyo umeongeza mapigo kufidia, huchoka mapema kuliko anayeketi kidogo, akainuka, akazunguka ukuta, akaketi tena. Soja wetu wengi hujua hivyo bila kufundishwa. Ndiyo maana kando ya mageti mengi utakuta jiwe la nyumba lililofunikwa kwa katoni, au debe la rangi lililogeuzwa, vikisukumwa nyuma ya mlango gari la mwenyekiti wa wakazi likisikika. Mtu mzima, baba wa watoto, anaficha jiwe la kukalia kama aliyeiba. Asubuhi unamwambia, "Habari ya usiku, soja?" naye anakujibu, "Salama, mkubwa," na kamba za buti zimelegezwa hadi mwisho kwa sababu miguu haikuenea tena.

Sheria ya Kenya imeshalisema hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke mahali pafaapo pa kukalia kwa wafanyakazi wote ambao kazi yao hufanywa kwa kusimama, pawatoshe kutumia kila nafasi ya kupumzika inayojitokeza katikati ya kazi. Haisemi kiti ni zawadi kwa anayefanya vizuri. Nayo inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, hata kama ni geti la nyumba ishirini zinazochanga kila mwisho wa mwezi kumlipa mtu mmoja. Anayechanga naye ni mwajiri. Kwa hiyo, wewe unayeishi Donholm, Komarock, Umoja au Buruburu na unayesoma haya ukiwa umeketi: mchango wa mwezi huu ukikusanywa, toeni humo bei ya kiti cha plastiki, kiwekwe getini mahali panapoonekana, na mwenyekiti mwenyewe amwambie soja kwamba ni chake.